Rafu Haipimwi kwa Saa Yake: Kisu na Njia ya Kufungulia Kalibu

Hotuba kwa mafundi wa mitambo na wapanga programu wa CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta), kama ilivyoandikwa baada ya kutolewa.

Ndugu mafundi, walimu wa karakana, vijana mnaosomea fani hii, nanyi wenzangu mnaoshinda mbele ya kompyuta mkipanga njia za visu: ahsanteni kwa kunipa nafasi.

Ukimwuliza fundi wa kalibu (vyuma vya kufinyangia vitu) rafu, ule mkato wa kwanza wa kuondoa chuma kingi, imekwendaje, mara nyingi atakujibu kwa saa. "Nimeitoa kwa saa tatu." Wenzake watatikisa vichwa kwa heshima, na mwenye karakana atatabasamu. Mimi jibu hilo halinishibishi. Nataka aniambie rafu imeacha nini ukutani, sakafuni na kwenye kona. Ikiwa imeacha milimita moja hapa, robo milimita pale, na donge la milimita tano konani, basi muda uliookolewa ni mkopo tu. Atakayeulipa ni kisu cha finishi, yaani cha kumalizia, ambacho ni chembamba zaidi, ghali zaidi na chepesi kuvunjika.

Kwa hiyo sikuja na orodha ya visu bora. Ninalotaka kulitetea ni hili: kisu na njia ya rafu vichaguliwe kwa kuangalia mzigo unaoliangukia jino, pamoja na ngozi, yaani unene wa chuma, inayobaki kwenye kazi. Mzigo usirukeruke, na ngozi isiwe nene hapa nyembamba pale. Mambo hayo yakikaa sawa, fidi, yaani mwendo wa kisu kusogea ndani ya kazi, unaweza kuipandisha bila kuogopa. Yasipokaa sawa, utakuwa unaipunguza kila siku na kumlaumu aliyekuuzia tipu, vile vipande vya makali vinavyofungwa kwenye kisu.

Chuma chenyewe nitakipitia haraka, maana wengi mnakijua. Kalibu nyingi za plastiki huchongwa kwenye P20, aina ya chuma ambayo huja kutoka kiwandani ikiwa imekwisha kukazwa kiasi, HRC (kipimo cha ugumu) 28 hadi 32 hivi, na kwa kawaida hairudi tena motoni. Chuma cha NAK80 kiko karibu na 40. H13 ina safari ndefu zaidi: mara nyingi huchongwa rafu ingali laini, hupelekwa kukazwa mpaka HRC 48 au 52, kisha hurudi mashineni kumaliziwa. Alumini ngumu kama 7075 hutumika kwa kalibu za majaribio na za uzalishaji mdogo. Hesabu zangu zote za leo ni za P20, ili tusitangetange.

Sasa kipenyo. Tulifundishwa kwamba uchukue kisu kikubwa kadiri kinavyoweza kuingia. Ushauri huo una msingi. Kisu kilichoshikwa upande mmoja hupinda kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha urefu unaoning'inia nje ya holda inayokishika, na ugumu wake hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kisu kilichotoka mara tatu ya kipenyo chake ukikitoa mpaka mara nne, kupinda kwake kunaongezeka karibu mara mbili na nusu kwa mzigo uleule. Ukiacha kisu cha milimita 20 ukachukua cha 16 kwa urefu uleule, umepoteza karibu kiasi hichohicho tena. Fanya makosa yote mawili kwa pamoja na kisu chako kinapinda mara sita zaidi ya kile cha mwanzo. Ndiyo maana kabla ya kubishana juu ya njia za kisasa, mimi huwaomba watu wakirudishe kisu ndani ya holda, hata kama ni kwa milimita kumi tu. Holda ikigusa ukuta, tumia holda nyembamba kwa sehemu ya chini peke yake. Kazi yote isichongwe na kisu kirefu kwa sababu ya milimita ishirini za mwisho.

Lakini ushauri wa "kikubwa kinachoingia" una upungufu, nao unaonekana kwenye kona. Chukua shimo la kalibu lenye kona za pembe mraba, kila kona ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 4. Umeifungua kwa kisu cha milimita 32. Kisu hicho kina nusu kipenyo cha 16, kwa hiyo hakifiki konani, kinaacha donge. Unene wa donge hilo, ukipima kwa mshazari kuelekea konani, ni tofauti ya zile nusu kipenyo mbili mara 0.41. Hapa ni 12 mara 0.41: karibu milimita 5 za chuma kigumu. Nimeona watu wakimtuma huko kisu cha milimita 6 moja kwa moja, eti skrini imeonyesha njia safi ya finishi. Skrini haihisi chuma. Kisu kile kinatembea vizuri ukutani kikikata unyuzi, halafu ghafla kinazama kwenye donge lenye unene karibu sawa na mwili wake.

Dawa yake inajulikana: rafu ya mabaki. Baada ya 32, leta kisu cha 16. Donge linashuka hadi milimita 1.7 hivi. Baada ya 16, leta cha 10, linabaki 0.4. Hapo kisu cha 6 kinaweza kuingia kwa amani. Mtaona kwamba kipenyo kinapungua kwa takriban nusu kila hatua. Si sheria iliyoandikwa mahali, ila ni kipimo kizuri cha mkono. Na mtaona pia sikumtaja kisu cha 8, ingawa nusu kipenyo chake ni 4 kamili na kinaikaa kona barabara. Hicho ndicho nisichotaka. Kisu kinachoikaa kona barabara kinaigusa kona yote kwa mkupuo mmoja, kinapiga kelele, na kinaacha alama za mtetemo mahali ambapo mng'arishaji atahangaika nazo siku nzima. Acha kisu kiwe kidogo kuliko kona, kiizunguke.

Kuna sharti moja kwenye rafu ya mabaki. Programu lazima ijue umbo halisi la chuma lililobaki, si umbo la kufikirika. Na hapa visu vya fidi kubwa vina mtego wao. Visu hivi vina tipu zenye makali yaliyolala, nyuzi 10 hadi 15 kutoka sakafuni, lakini programu nyingi hazichori tipu ile kama ilivyo. Mtengenezaji anakupa nusu kipenyo cha kuandika kwenye programu, tuseme 2 au 3, na kwenye kijitabu chake anataja unene ambao tipu itauacha bila programu kujua. Watu wengi huuandika ule wa kwanza na kuuruka wa pili. Matokeo yake, pale ukuta unapokutana na sakafu pana chuma kisichokuwemo kwenye hesabu, na kisu kinachofuata ndicho kitakachokigundua. Usomeni ule mstari wa pili.

Nimekwisha kuvitaja visu vya fidi kubwa, basi nivipange vyote. Kwa rafu ya kalibu za chuma, mabishano mengi yako kati ya aina tatu. Cha kwanza ni hicho cha fidi kubwa: mkato mfupi kwenda chini, milimita moja au pungufu, lakini kinakimbia. Cha pili ni cha tipu za duara, mzee wa kazi: kinavumilia, tipu inageuzwa mara nyingi, na kinaacha ngazi laini kwa sababu ya duara lake. Cha tatu ni endimili nzima ya kabaidi (kisu chenye makali ubavuni na nchani, chote kikiwa cha metali ngumu ya kabaidi), yenye meno manne hadi saba, inayokata kwa kina kirefu na upana mdogo. Ncha ya tufe siihesabu kwenye rafu. Katikati ya ncha ile kasi ni sifuri, na kisu cha tufe cha milimita 10 kikishuka nusu milimita kinakata kwa kipenyo cha 4.4 tu. Endimili ya kona kali nayo naipendelea kwenye alumini. Kwenye chuma kona ile humeguka mapema, kwa hiyo chukua yenye kona iliyoviringwa, hata nusu milimita inatosha.

Tuzipe hizo aina tatu kazi moja, tuone. Kasi ya kukata iwe mita 180 kwa dakika kwa zote.

Cha fidi kubwa, kipenyo 32, meno matatu: spindo (mhimili unaozungusha kisu) inazunguka mara 1,790 kwa dakika. Kila jino lisogee milimita 1, mkato uwe milimita 1 kwenda chini na 20 kwa upana. Fidi inakuwa karibu milimita 5,400 kwa dakika, na chuma kinachotoka ni sentimita za ujazo 107 kila dakika.

Cha tipu za duara za milimita 12, kipenyo kilekile, meno matatu. Kinashuka milimita 2, lakini jino linasogea 0.3 tu. Upana uleule wa 20. Kinatoa sentimita za ujazo 64.

Endimili ya milimita 12 yenye meno matano: mizunguko 4,775, jino linasogea 0.12, upana wa mkato 1.2, kina 24. Inatoa kama 80, ukiacha zile safari tupu za kurudi ambazo njia zake zinazo nyingi.

Msomaji wa haraka atasema basi cha fidi kubwa kimeshinda, twende nyumbani. Subirini. Tofauti kati ya 107 na 80 si kubwa kiasi hicho, na imetoka kwenye hesabu ya eneo wazi. Kinachoamua ni mashine na umbo. Kwanza mashine: kwa chuma cha namna hii, kilowati moja kwenye kisu inatoa takriban sentimita za ujazo 20 hadi 25 kwa dakika, kwa hiyo 107 zinadai kilowati 4 hadi 5 kwenye spindo inayozunguka taratibu. Mashine ndogo ya kasi kubwa inaweza kuwa na nguvu hizo kwenye mizunguko 10,000 na isiwe nazo kabisa kwenye 1,790. Endimili inazunguka juu zaidi na kudai msukumo mdogo wa kuzungusha. Kwa mashine hiyo ndiyo jibu.

Kisha umbo. Endimili ya kina cha 24 inataka kuta ndefu zilizosimama. Ukiwa na kalibu ya beseni lenye sakafu iliyojipinda kila mahali, kina kile hakina kazi. Kisu cha fidi kubwa kwa upande wake kinasukuma nguvu zake kwenda juu, kuelekea spindo, badala ya kukisukuma kisu pembeni. Kwa hiyo kwenye mashimo marefu, ambako kisu kimening'inia mara tano au sita ya kipenyo, hicho kinatulia pale ambapo endimili ingeimba. Cha tipu za duara kiko katikati: kikikata kwa kina kidogo nguvu zinakwenda juu, kikizama zaidi zinageuka pembeni. Kwenye mashine iliyozeeka yenye mchezo kwenye mihimili bado nitakishika hicho cha duara na sitaona haya.

Hapo ndipo tunafika kwenye njia, na hapa naomba mniazime masikio kidogo.

Njia ya zamani ni kukata ngazi kwa ngazi kwenda chini, kisu kikifuata ukuta kwa kujirudia ndani yake, au kikienda na kurudi kama mtu anayelima. Kwenye mstari ulionyooka hakuna tatizo. Chukua endimili ya milimita 10, upana wa mkato milimita 1. Sehemu ya mzunguko wa kisu inayogusa chuma ni nyuzi 37. Kila jino linaingia, linakata kidogo, linatoka na kupoa. Sasa kisu kinafika kwenye kona ya mraba. Kabla hakijageuka, kinagusa ukuta ulio ubavuni na ukuta ulio mbele kwa pamoja, na ile sehemu inayogusa inaruka kutoka nyuzi 37 mpaka karibu 127. Zaidi ya mara tatu, ndani ya muda wa kupepesa jicho. Fundi aliyesimama mlangoni anasikia mlio ukibadilika kuwa mzito, na sindano ya mzigo inapanda. Kona nne kila ngazi, ngazi arobaini: kisu kimepigwa hivyo mara mia na sitini kabla ya chakula cha mchana.

Ukikitoa kisu hicho ukakiangalia kwa lenzi, utaona habari yote. Kutoka ncha mpaka juu makali yamechakaa kidogo tu, mstari wa kung'aa usiozidi unywele. Lakini kwenye kona ya ncha kuna vimego, tena meno mawili au matatu yana vimego mahali pamoja. Uchakavu wa kawaida ungelila kali lote kwa polepole. Vimego ni kazi ya mapigo. Na fundi anayepunguza fidi ya kazi nzima ili kuziponya kona nne anaadhibu asilimia kubwa ya njia isiyo na kosa.

Njia za mzigo sawa zilibuniwa kwa ajili hiyo. Programu inahesabu kila hatua ni nyuzi ngapi zinagusa, na kabla ya kona inaachana na ukuta, inaingia kwa vijiduara vidogo na kukwangua kona kidogokidogo, mpaka mtazamaji asiyezijua anadhani mashine imechanganyikiwa. Njia inakuwa ndefu zaidi kwa mita, lakini jino halijui kama liko konani au kwenye mstari ulionyooka. Kwa sababu hiyo unaweza kuandika fidi ya mstari ulionyooka kwa kazi nzima.

Faida nyingine ya upana mdogo ni unene wa maranda. Kisu kikikata kwa upana wa asilimia 10 ya kipenyo chake, maranda hayafiki unene wa fidi uliyoandika. Yanakuwa na asilimia 60 tu. Kwenye asilimia 5 yanashuka hadi 44 hivi. Fundi asiyejua hili anaandika fidi ya kitabu, 0.07 kwa jino, jino linatoa maranda ya 0.04, na badala ya kukata linasugua. Kusugua kunaleta joto, na joto linaua makali kuliko fidi kubwa inavyoyaua. Ndiyo maana mfano wangu wa endimili ulikuwa na 0.12: baada ya kupungua, maranda yana 0.07 ileile iliyokusudiwa. Kisu cha fidi kubwa kinatumia ujanja huohuo kwa upande mwingine. Kali lililolala nyuzi 10 linaifanya fidi ya milimita 1 itoe maranda ya 0.17. Milimita moja kwa jino inatisha ukiiona kwenye karatasi, lakini maranda yake ni ya kawaida kabisa.

Wengi mtauliza: basi tuzitumie njia hizi kila mahali? Hapana. Kwenye ngazi fupi za milimita moja, kisu cha fidi kubwa kikitembea na njia ya kawaida iliyoviringwa konani kinafanya kazi nzuri bila mbwembwe, na mashine ya zamani inayosita kusoma mistari mingi mifupi itazikimbia zile duara kwa mshtuko baada ya mshtuko. Njia ya mzigo sawa inalipa pale unapozama kwa kina kirefu, ambapo pigo moja la kona lingekuwa na urefu wa milimita 24.

Kina kirefu kina gharama yake, nayo inaturudisha kwenye ngozi. Ukuta wa kalibu huwa na mwinamo ili kitu kitoke. Mwinamo wa nyuzi 3, kina cha 24: rafu inaacha kabari ya chuma isiyo na kitu upande mmoja na yenye milimita 1.26 upande wa pili. Kwenye uso wa mshazari wa nyuzi 45, inaacha ngazi ambayo mtoto anaweza kuikalia. Kwa hiyo baada ya kila kina kirefu, kisu kirudi kutoka chini kupanda juu kwa hatua fupi za milimita moja au mbili, kikizikata zile ngazi zilizobaki. Programu nyingi za CAM, za kupangia njia za kisu, zinacho kipengele hicho. Kimezimwa kwenye kazi nyingi ninazoletewa, kwa sababu kinaongeza dakika kwenye rafu. Mnaona sasa kwa nini sizipendi hizo dakika za kutangaza?

Hata hatua fupi zina ngazi zake. Kwenye ukuta wa mwinamo wa nyuzi 3, ngazi ya milimita 1 inaacha 0.05 tu, haina habari. Lakini kwenye uso uliolala, ulioinuka nyuzi 10 tu kutoka sakafuni, ngazi hiyohiyo ina upana wa karibu milimita 6 na inaacha karibu milimita nzima ya unene juu ya ile uliyokusudia. Kisu cha tufe cha nusu finishi kinapita juu yake kikipanda na kushuka: milimita moja na nusu, nusu, moja na nusu, nusu. Punguza hatua kwenye sehemu zilizolala peke yake, hapana haja ya kuipunguza kazi yote. Na sakafu bapa iangaliwe kipekee. Sakafu iko kwenye kina cha 37.4, wewe unashuka milimita moja moja. Ngazi ya mwisho inasimama 37, na 0.4 ya ziada inabaki sakafuni bila mtu kuiagiza. Washa kipengele cha kutambua sakafu bapa, programu itaongeza ngazi moja mahali pake.

Kuhusu kuingia ndani ya chuma: upande wa dume wa kalibu, ule uliotokeza, uko wazi, kisu kiingie kutoka nje na kisishukie juu ya chuma hata mara moja. Upande wa kike, wenye shimo, umefungwa, kwa hiyo kisu kishuke kwa hesi (kwa kuzunguka kama uzi wa skrubu) au kwa mteremko mlegevu, nyuzi 1 hadi 3 kwenye chuma. Visu vya tipu vingi havina makali katikati. Shimo la hesi liwe pana kuliko kisu lakini lisifike mara mbili ya kipenyo chake, la sivyo nguzo itabaki imesimama katikati na mwili wa kisu utaipanda. Kijitabu cha kisu kinataja kipimo cha chini na cha juu; hapa usikisie.

Kwa mashimo marefu sana ambako kila kisu kinatetema, kuna njia isiyo na wapenzi wengi, nayo ni kutumbukiza: kisu kinashuka wima kama keekee, kinapanda, kinasogea, kinashuka tena. Nguvu zote zinakwenda kwenye spindo. Ni ya polepole na inaacha ukuta wenye mikunjo inayohitaji kupitiwa tena, ila kuna siku ndiyo pekee inayopita.

Holda nayo isisahaulike. Endimili inayokata kwa kina kirefu ina nguvu ya kuivuta nje, kwa sababu ya mzunguko wa makali yake, na koleti ya kawaida, kile kibanio cha shina la kisu, inaweza kuiachia taratibu. Kisu kinateremka sehemu ya kumi ya milimita kila baada ya muda, na asubuhi sakafu imeliwa chini ya kipimo. Chuma hakirudi. Kwa rafu ya namna hiyo tumia holda ya kubana kwa joto, ya kubana kwa mafuta, au yenye skrubu ya pembeni kwenye shina lililochongwa bapa.

Kulanti, yaani kipoozi cha kisu: kwenye chuma, na kabaidi yenye utando wa kuhimili joto, napuliza hewa kwa nguvu. Maji yanayomwagika yanaliweka jino kwenye moto na baridi mara elfu kadhaa kwa dakika, na makali yanapasuka nyufa ndogondogo. Kazi kubwa ya hewa ni kuyafukuza maranda yasikatwe mara ya pili, hasa chini ya shimo refu. Alumini ni kinyume: maji tele, meno mawili au matatu, makali yaliyong'arishwa, na kisu chenye utando wa alumini kiwekwe mbali kwa sababu alumini ya kazi itagandamana nacho.

Mkiwa na hamu ya kuongeza mwendo, ongezeni fidi kabla ya kasi ya kukata. Frederick Taylor, Mmarekani, alionyesha tangu mwaka 1907 kwamba uhai wa kisu unashuka haraka sana kasi inapopanda. Kwa kabaidi, kwa hesabu yake na kipeo kinachotumika mara nyingi, kasi ikizidi kwa asilimia 20 uhai unakatika nusu. Fidi haina ukali huo, mradi maranda hayajawa mazito kuliko jino linavyoweza.

Mwisho ni unene wa kuacha. Kwa P20 isiyorudi motoni, 0.3 hadi 0.5 kwa kila upande inatosha kwa nusu finishi. Kwa H13 itakayokwenda kukazwa, acha nusu milimita hadi moja, maana itapinda motoni na hujui itapinda kuelekea wapi. Na bamba pana lililochimbwa upande mmoja litajikunja lenyewe hata bila moto. Baada ya rafu fungua klampu, liache lijinyooshe, saga upya uso wa kuanzia vipimo, ulifunge tena kwa upole, ndipo uendelee. Anayeruka hatua hiyo hupata vipimo safi kwenye mashine na vibaya kwenye meza ya kukagua.

Nimeona mikono mitatu imekwisha kunyanyuka hapo nyuma. Huyo kijana mwenye endimili mkononi aanze, na aipitishe huku mbele ili kila mtu aione ile kona ya ncha kwa lenzi kabla hatujaanza kubishana.